Hereni Ndani ya Mkoba wa Tabibu

Kazi yenyewe ya maziwa ilikuwa ya dakika mbili. Unafika kwenye kibanda cha Zuurakan, unamimina ndoo yako juu ya kitambaa cha kuchujia, anachovya kipimo chake, anaitikia kwa kichwa, umemaliza. Lakini sisi watu wa Chon-Bulak tulikaa pale nusu saa nzima, ndoo tupu mkononi, matope ya mwezi wa nne yakitupanda hadi kwenye kifundo cha mguu, tukingoja kusikia nani amekufa.

Nasema sisi kwa sababu nami nilikuwamo. Siku hizi kila mtu anamtupia Zuurakan lawama kana kwamba yeye ndiye aliyetutoboa masikio. Wakati mmoja alijaribu kutuambia kwamba mjukuu wa Mzee Ormon ameshika nafasi ya kwanza katika mashindano ya hesabu huko Bishkek. Tukasema hongera zake, tukaondoka. Kesho yake akatuambia gari la abiria limebingirika kule juu mlimani, na hakuna aliyebanduka mpaka dereva wa lori la maziwa alipopiga honi mara tatu. Zuurakan hakuwa mjinga. Mwenye duka huweka mbele bidhaa inayotoka.

"Kuna nini leo, dada?" aliuliza Sonun asubuhi ile. Nyumba ya Sonun inatazamana na kibanda, na hakukosa kufika hata siku moja, theluji au mvua.

Zuurakan alijifuta mikono, akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. "Moscow kumeungua. Ghala, usiku wa kuamkia leo. Vijana wetu wamo ndani."

"Vijana wetu wa wapi?"

"Wa Kikirgizi. Majina hayajatajwa."

"Wangapi?"

"Wengine wanasema watatu, wengine wanasema kumi na saba."

"Basi ni kumi na saba," alisema Sonun. "Hao wanaosema watatu wanaficha."

Hakuna aliyebisha. Tulisogea karibu. Katika kijiji chetu kila nyumba ya tatu ina mtu Moscow, kwa hiyo msije mkadhani tulikuwa tunajifurahisha tu. Mtu anasikiliza habari mbaya kama anavyopapasa jino linalouma, ahakikishe kama bado linauma. Lakini kulikuwa pia na utamu, na huo ndio tusioupenda kuutaja: kwamba imetokea, na haijatokea kwangu.

Hapo akaja Batma na ndoo yake, tukanyamaza wote kwa pamoja. Batma alikuwa mjane wa miaka miwili, jirani wa Zuurakan ng'ambo ya barabara, na mwanawe wa pekee, Taalai, alifanya kazi ya kubeba mizigo katika ghala la Moscow. Alikuwa na simu ya vitufe isiyoonyesha kitu ila namba, na asubuhi hiyo alikuwa na uso wa furaha ambao hatukuwa tumeuona tangu mumewe azikwe.

"Mbona maziwa nusu leo, shoga?" Zuurakan aliuliza.

"Nimebakiza ya krimu."

"Una wageni?"

"Nyumba haikosi mgeni," alisema Batma, akacheka peke yake.

"Taalai hajambo? Amepiga simu?"

"Jana jioni. Kwani?"

"Aa, nauliza tu."

Zuurakan alimtazama akiondoka, akirukaruka madimbwi kama msichana, na moyo ukamuuma kweli. Yeye alijua kucheka kwa aina hiyo. Miaka kumi na miwili iliyopita kaka yake alifariki, na kwetu aliye mbali haambiwi. Huitwa nyumbani kwa uongo mdogo, mama anaumwa kidogo, njoo, kisha wazee humpokea wakiwa wamekusanyika na tabibu yuko tayari na sindano. Zuurakan alisafiri saa sita kutoka Bishkek, na abiria wote saba walijua. Yeye aliimba, akawatania, akala mbegu za alizeti, njiani akamnunulia kaka yake soksi za sufu. Aliposhuka akaona wanaume wameinama juu ya fimbo zao mbele ya lango, wanalia. Soksi bado anazo. Tangu siku ile aliapa kwamba hakuna habari mbaya itakayomkuta tena akicheka.

*

Nyumbani alimkuta mumewe, Toktosun, amevaa shati jeupe.

"Hilo shati ni la nini?"

"La kuvaa."

"Na kondoo aliyefungwa nyuma ya nyumba?"

"Wa kuuza."

"Unamuuzia nani ukiwa umevaa shati la Idi?"

"Mwanamke, niachie roho yangu. Chemsha chai."

Toktosun hakujua kusema uongo, ndiyo maana alisema machache. Ukweli ni kwamba saa sita mchana wazee walikuwa wanakuja kumposa binti yao, Saikal. Mposaji alikuwa ni huyo huyo Taalai wa Batma. Walipendana alipokuja likizo kwa karamu ya kumkumbuka baba yake, na majira yote ya baridi waliandikiana. Saikal alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kijijini kwetu msichana wa umri huo huulizwa maswali hata na watoto. Mposaji wa kwanza alikwishamponyoka, baada ya Zuurakan kutusimulia kibandani jinsi babu yake kijana huyo alivyofungwa kwa wizi wa farasi.

Kwa hiyo safari hii Saikal alimwambia baba yake tu. "Baba, mama asijue mpaka wawe mlangoni. Akijua saa moja, saa mbili dereva wa lori atanipa hongera." Walicheka wote wawili. Akatoka na kitambaa chake cha bluu kichwani, akaenda shule ya chekechea anakofundisha, akiahidi kurudi kabla ya saa sita.

Zuurakan alipochukua birika, Toktosun alimwita. "Zuurakan."

"Nini?"

Alifungua kinywa. Aliona ni vibaya kwamba mke wake, katika jambo la mwanawe wa kumzaa, awe wa mwisho kujua. Lakini ahadi ni ahadi. "Basi. Chai isiwe nzito."

Mpaka leo Toktosun analihesabu hilo kuwa kosa lake, ingawa mimi humwambia si lake.

*

Saa tano, Zuurakan akiwa kibandani anasuuza madumu, wazee walipita.

Walikuwa watatu: Mzee Satar, Mzee Ormon na Kalyk, tabibu wa zahanati, kaka yake Batma. Walikuwa wanakwenda kumchukua Batma, wanywe chai kidogo, kisha wavuke barabara pamoja. "Tukipita kwa Zuurakan," Satar alikuwa amewaambia, "hakuna kucheka, hakuna kuongea. Sura ziwe za kawaida." Lakini sura za wanaume watatu wanaojitahidi kuwa wa kawaida ndizo sura za watu waliobeba jeneza. Kalyk alikuwa na mkoba wake mweusi wa dawa. Ndani yake, kati ya pamba na sindano, kulikuwa na hereni za posa zimefungwa kwenye leso, maana walikubaliana kwamba hakuna atakayeuliza kilichomo katika mkoba wa tabibu.

Zuurakan aliwaona kupitia dirisha na dumu likamponyoka. Watu hawa hawa watatu, na mkoba huu huu, ndio waliopita hapa miaka miwili iliyopita kwenda kumwambia Batma kwamba mumewe amekufa. Na usiku wa kuamkia leo ghala limeungua.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Taalai."

Angeweza kuvuka barabara. Ni hatua arobaini, nimezipima mwenyewe. Lakini ng'ambo aliona pazia la Sonun likisogea, na akajua kwamba kama asingeandika yeye kwenye kundi la simu la kijiji, Sonun angeandika, tena vibaya, bila staha. Akatoa simu. Msidhani aliandika kwa chuki. Machozi yalimtoka hadi kioo kikawa hakisomeki, ikambidi akifute kwa aproni. Aliwaandikia watu wa kijiji kizima: "Ndugu zangu, wazee wameingia kwa Batma pamoja na tabibu. Taalai wetu hatunaye, ameungua Moscow. Udongo wa kaburi lake uwe hariri. Tusimwache jirani yetu peke yake."

Akatuma. Na katikati ya machozi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, alihisi ule utulivu aliouzoea: safari hii tena, amejua wa kwanza.

*

Saikal alikuwa anawapakulia watoto uji wa maziwa mpishi aliposimama mlangoni na simu yake.

"Maskini weee. Saikal, mama yako ameandika. Mtoto wa Batma."

"Mtoto wa Batma kafanya nini?"

"Kafa. Moto, Moscow. Yule Taalai. Si alikuwa rika lako?"

Saikal aliendelea kupakua. Uji ulijaa bakuli, ukamwagika mezani, ukafika kwenye mikono ya mtoto, naye akaanza kulia. "Nani kaandika?"

"Mama yako. Na akiandika mama yako ndiyo basi, yeye hakosi."

Jana yake jioni, kabla ya kulala, Taalai alikuwa amemtumia ujumbe: vaa kile cha bluu, mama anakipenda. Saikal alimpigia palepale, katikati ya watoto. Simu iliita mpaka ikakatika. Alijua kwamba kazini kwao simu hufungiwa kabatini mpaka saa ya chakula. Alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini jambo unalolijua halina nguvu mbele ya jambo unaloliogopa. Aliweka upawa chini, akatoka akikimbia bila koti.

*

Kwa Batma walikuwa wanacheka. Kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni kilikuwa kimejaa maandazi ya siagi, krimu mpya na zabibu kavu. Batma alimimina chai ya wazee kidogo kidogo, theluthi ya kibakuli, kama mgeni wa heshima anavyomiminiwa, ili apate sababu ya kukaa na kuomba nyingine.

"Batma," alisema Mzee Satar, "ukimchukua binti wa Zuurakan, hutahitaji redio tena."

"Redio ibaki kwao, mzee. Mimi nachukua binti tu."

"Na siku ya harusi? Ataandika nani amekufa kwa kula sana!"

Ormon alicheka mpaka akakohoa. Ndipo sauti ya kwanza ikasikika barabarani, sauti ya mwanaume, ndefu, ile ambayo kwetu haitolewi ila kwa msiba: "Ee ndugu yangu weee! Mdogo wangu weee!"

"Kuna msiba kwa nani?" aliuliza Satar.

Sauti ya pili, ya tatu. Wanaume waliingia langoni wameinama, wameshika viuno, nyuma yao wanawake wameshafungua vilio. Nilikuwa miongoni mwao. Nililia kwa nguvu, na nilikuwa namlilia kweli kijana yule.

Batma alisimama na birika mkononi. Alitutazama sisi, akawatazama wazee, akautazama mkoba mweusi. Furaha yote ikamtoka usoni.

"Kumbe," alisema. "Kumbe mmenidanganya."

"Dada, hapana," Kalyk aliinuka. "Hatujui chochote. Wallahi hatujui."

"Ndivyo ulivyosema hata siku ya mume wangu. Kwamba hujui. Kwamba tunywe chai kwanza."

Na hapo ndipo desturi yetu ilipotugeuka. Kila aliyewahi kupelekewa msiba alianza kwa kuambiwa hakuna kitu. Kadiri Kalyk alivyokana, ndivyo Batma alivyozidi kuamini. "Mmeniletea hereni ili mnitulize! Mmemposea maiti! Kaka yangu wa tumbo moja!" Birika lilianguka, naye akaanguka juu yake. Kalyk alifungua mkoba haraka atafute sindano, na ile leso nyeupe ikatoka pamoja na pamba, ikapotea chini ya miguu yetu.

Saikal aliingia akipita kati ya watu, akapiga magoti kwa Batma, akalaza kichwa chake mapajani mwake. Hakulia kama jirani. Alilia kwa namna ambayo kila mwanamke mle ndani alielewa, na wawili watatu, Mungu atusamehe, wakakonyezana.

Zuurakan aliingia wa mwisho, kwa sababu alikuwa amepita nyumbani kuchukua shuka jeupe. Alikuwa bingwa wa maombolezo. Alianza tangu langoni kuimba sifa za marehemu, mabega ya kubeba milima, mkono usio mchoyo, na sauti yake ilipopanda wengine wakashusha zao. Aliimba mpaka mlangoni. Kisha akamwona mwanawe sakafuni. Akaona mkate uliofungwa kwa kitambaa cheupe, sukari yenye utepe mwekundu, krimu, kizibao cha mahameli alichovaa Batma. Hakuna aliyewahi kumzidi Zuurakan kwa kusoma chumba.

"Hivi vitu," alisema, "ni vya nini?"

Mzee Satar alikuwa ameshika simu ya mtu, amesoma kile kilichoandikwa. Alimrudishia mwenyewe taratibu.

"Ni vya kwako, Zuurakan," alisema. "Tulikuwa tunakuja kwako."

*

Tulikaa mle ndani mpaka saa kumi. Hakuna aliyejua kitu, na hakuna aliyeondoka. Toktosun aliletwa akiwa bado na shati lake jeupe. Alisimama karibu na mlango, hakumtazama mke wake. Satar alikuwa amepiga simu kwa kila Mkirgizi anayemjua Moscow, na kila mmoja aliahidi kuuliza. Sonun alinong'ona kwamba sasa wanasema ni ishirini na mbili.

Simu ya vitufe ya Batma ililia juu ya kitambaa cha chakula, kati ya maandazi. Batma hakuweza kuigusa. Kalyk aliibonyeza, na kwa kuwa simu zile za zamani hupiga kelele, tulisikia wote.

"Mama? Mbona simu arobaini?" Sauti ilikuwa na tonge mdomoni, alikuwa anakula. "Vipi, wamekubali? Zuurakan kasemaje?"

Batma alitoa sauti ambayo sijui niiite kicheko au kilio. "Mwanangu. Sema tena."

"Niseme nini? Mama, mnalia? Wamekataa?"

"Sema chochote. Sema tu."

Wazee walishika nyuso zao wakasema Amina. Watu walikumbatiana. Na hapa niseme lisilosemeka, maana nilianza kwa kusema nami nilikuwamo: tulipokuwa tunatoka, tukitafuta viatu vyetu kwenye lundo, kulikuwa na upungufu fulani hewani. Furaha ilikuwepo, lakini ilikwisha mapema kuliko machozi. Mtu mmoja alisema, "Basi, kumbe hakuna kitu," na wenzake wakaitikia kwa kichwa.

Zuurakan alibaki. Alipiga magoti pale mwanawe alipokuwa amepiga. "Batma. Nimekosa. Nipige ukitaka."

Mzee Satar alijaribu. "Husemwa kwamba aliyeliliwa akiwa hai huishi miaka mia. Mungu amegeuza shari kuwa heri. Jamani, hereni zi wapi? Tumalize jambo letu."

Leso ilipatikana chini ya kabati, ina alama ya kiatu. Satar alimnyooshea Batma, kwa kuwa mama wa mwana ndiye anayemvisha mkwe. Batma aliipokea, akaishika muda mrefu.

"Zuurakan, umemwimbia mwanangu nyimbo za kaburini," alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Umeita udongo wake hariri. Nimesikia yote, kila neno, umeimba vizuri. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikimchukua binti yako, kila atakapochelewa kupokea simu, nitakuwa nasikia sauti yako. Mimi siwezi."

"Mama!" Taalai alikuwa bado kwenye simu. "Mama, usifanye hivyo. Saikal yuko hapo? Saikal?"

Saikal alikuwepo. Alikuwa anafunga upya kitambaa chake cha bluu. Batma alimpa Kalyk ile leso, naye, kwa kuwa hakujua aiweke wapi, akairudisha ndani ya mkoba.

*

Kesho yake Zuurakan alivuka zile hatua arobaini. Alibeba mkate wa moto na skafu mpya aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya siku ya Saikal.

Batma alimpokea. Kwetu mgeni hafukuzwi. Alimpisha ndani, akatandika kitambaa, akaweka siagi. Zuurakan alipata tumaini. Alikuwa amejiandaa usiku kucha: angemkumbusha jinsi walivyozaa mwaka mmoja, angemsimulia habari za kaka yake na zile soksi, angesema mtoto asilipe deni la mama.

Batma alichukua kibakuli, akamimina chai. Ikafika theluthi, ikafika nusu, hakuacha. Alimimina mpaka ikafika ukingoni, chai ikawa inatetemeka, akamsogezea kwa mikono miwili, kwa adabu kamili.

Kibakuli kilichojaa hakiongezwi. Maana yake: kunywa, uende. Zuurakan hakuwa amemiminiwa chai namna ile tangu azaliwe. Aliinama, kwa sababu hakikuinulika bila kumwagika, akanywa kwa kufyonza kutoka ukingoni. Ilikuwa ya moto mno. Aliimaliza yote. Alisema asante, akanyanyuka na skafu yake, maana nayo haikuguswa.

Mkate ulibaki. Mkate haurudishwi.

*

Siku ya tatu kibandani kulikuwa na foleni ambayo hatujapata kuiona. Waliokuwa wanatuma watoto walikuja wenyewe. Walikuwepo watu wa mtaa wa juu, ambao maziwa yao hupelekwa kituo kingine. Bibi Anipa, ambaye ng'ombe wake amekauka tangu mwezi wa pili, alisimama na ndoo tupu.

Zuurakan alichuja na kupima. Simu haikuwa kwenye aproni. Hakuinua macho. Ndoo zilikwisha kumiminwa, na hakuna aliyeondoka. Tulisimama tu, tunapigapiga miguu matopeni, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Sonun ndiye aliyeanza, kwa sauti laini ya kumbembeleza mgonjwa. "Dada, pole sana. Hivi, ilikuwaje hasa? Eti chai ilijaa kabisa? Na Saikal je, ni kweli hali chakula?"

Zuurakan aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja. Aliyatambua macho yetu. Yalikuwa na huruma, na nyuma ya huruma yalikuwa na njaa, naye alikuwa ameilisha njaa ile kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili.

Saikal alitoka nyuma ya madumu, alikokuwa akisaidia. Tangu juzi hakuwa amesema na mama yake ila mambo ya chumvi na kuni.

"Nitawaambia mimi," alisema. "Taalai ni mzima. Jana alishusha mizigo, jioni akala viazi. Katika lile ghala lililoungua hawakufa kumi na saba wala ishirini na mbili. Alikuwemo mlinzi mmoja, katoka na mbwa wake. Hiyo ndiyo habari. Mnataka niendelee?"

Hatukutaka. Tulianza kukohoa na kukumbuka ng'ombe wetu. Mmoja akaondoka, kisha watatu, kisha wote. Bibi Anipa alikuwa wa mwisho kuondoka, na ndoo yake tupu ikawa inagonga goti kila alipopiga hatua. Mimi nilibaki kidogo, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, ndiyo maana nayajua haya ya mwisho. Hata pale sikuweza kujizuia.

Mama na binti waliinua dumu moja kwa pamoja, wakalipanga na mengine. Zuurakan alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Saikal," alisema. "Zile hereni zilikuwaje?"

Saikal alikuwa anakamua kitambaa cha kuchujia. Alikikamua mpaka tone la mwisho, akakitundika msumarini.

"Sijui, mama," alisema. "Hata mimi sikuziona."